Huyu Siye Tuliyemjua

Mtu yeyote aliyepata kuwasimulia watoto hadithi jioni, kando ya moto, ajua jambo hili. Ukiisimulia hadithi ya Sungura mara ya kumi, nawe ukataka kuigeuza kidogo, ukasema kwamba Sungura alizeeka, akachoshwa na werevu wake mwenyewe, akajifungia shimoni asitake kuonana na mtu, hutafika mbali. Mtoto mmoja atadakia, "Siyo hivyo, babu!" Wa pili atakufundisha hadithi yako mwenyewe tangu mwanzo. Na aliye mdogo kuliko wote pengine atalia, kana kwamba umemnyang'anya kitu kilicho chake.

Sisi walimu tumezoea kuyacheka mambo hayo. Lakini katika mwezi wa Desemba 2017 watu wazima, wenye ndevu na kazi na watoto wao, walilia vivyo hivyo katika Marekani na Uingereza na nchi nyingine nyingi, wala hawakumlilia Sungura, bali shujaa wa sinema aitwaye Luke Skywalker. Tena kilio chao kiligeuka hasira, na hasira hiyo ikawapata watu wasio na kosa. Twaona kwamba habari hizo zafaa kutazamwa kwa makini, maana chini ya kelele zote limo swali lisilo la sinema peke yake: je, mtu aweza kugeuka? Na akigeuka, sisi tuliomjua zamani twaweza kumkubali?

Kwa wasomaji wasioziona sinema hizo, zaitwa "Star Wars", yaani Vita vya Nyota. Ya kwanza ilionyeshwa Marekani mwezi wa Mei 1977, nayo ilitungwa na George Lucas. Luke ni kijana wa shambani, aliyelelewa na baba yake mdogo katika nchi ya jangwa yenye majua mawili. Atoka huko akajifunza kazi ya Jedi, ambao ni kama watawa washikao panga za nuru, akapigana na utawala wa Kaisari mmoja mwovu. Mtumishi mkuu wa Kaisari huyo ni Darth Vader, mtu mrefu aliyevaa mavazi meusi na kofia ya kufunika uso wote, ambaye pumzi zake husikika kabla hujamwona. Katika sinema ya pili, ya 1980, Vader amkata Luke mkono, kisha amwambia kwamba yeye ndiye baba yake.

Basi sinema ya tatu, "Return of the Jedi", ya 1983, ndiyo shina la mambo yote tunayotaka kuyasema. Humo wakubwa waliomfundisha Luke wamwambia kwamba baba yake hawezi kurudi tena. Yule mtu mwema amekwisha kufa ndani ya lile vazi, na kazi iliyobaki ni kulikabili na kulimaliza. Luke akataa. Asema bado wema umo ndani yake. Ajitia mwenyewe mikononi mwa baba yake, bila jeshi, nao wapigana mbele ya Kaisari. Vader alipomtishia habari za dada yake, Luke alishikwa na ghadhabu, akampiga baba yake hata akamkata mkono. Ndipo akautazama ule mkono uliokatika, nao ulikuwa wa chuma; akautazama na wake mwenyewe, ambao pia ni wa chuma tangu siku ile alipokatwa. Akautupa upanga. Kaisari akaanza kumwua kwa umeme, naye akamlilia baba yake. Na Vader, baada ya kutazama huku na huku, akamnyanyua Kaisari akamtupa shimoni, na kwa tendo hilo akafa mwenyewe.

Tumeiona sehemu hiyo mara nyingi, wala hatujachoka nayo. Ile kofia ya Vader haina uso, haiwezi kucheka wala kulia. Walakini akikigeuza kichwa kwa Kaisari, kisha kwa mwanawe, kisha tena kwa Kaisari, mtazamaji asoma moyoni mwake kama asomavyo kitabu. Watoto wa miaka saba na minane walikwenda nyumbani wakiwa wamefundishwa kwamba hata mwuaji aweza kugeuka, nao waliamini. Wakaishika hadithi hiyo maisha yao yote, wakawapa watoto wao.

Tusidhani kwamba watu hao ni wajinga wasiojua maana ya wanachokipenda. Wanajua sana, na ushahidi upo. Katika sinema ile ya 1977 yumo mtu aitwaye Han Solo, msafirishaji wa magendo, mwenye deni. Aketi kilabuni na mmoja aliyetumwa kumkamata, jina lake Greedo. Han, huku akisema naye kwa upole, amfyatulia bunduki chini ya meza akamwua. Hivyo ndivyo watu walivyomwona kwa miaka 20. Mwaka 1997 Lucas alizitoa sinema zake upya, akaigeuza sehemu hiyo: sasa Greedo apiga kwanza, akakosa, naye Han ajitetea tu. Watazamaji walikasirika sana, hata wakachapisha fulana zenye maneno ya kwamba Han ndiye aliyepiga kwanza.

Katika hasira hiyo twawapa haki yote. Maana Han Solo mwishoni mwa sinema hiyo, baada ya kupokea fedha zake na kuondoka, arudi kwa hiari yake katikati ya vita na kumwokoa Luke. Huyo aliyerudi ni yule aliyeua chini ya meza. Ukimwosha mwanzoni, kurudi kwake kwapungua thamani, kwa kuwa hapakuwa na umbali mkubwa wa kurudi. Mtungaji alitaka kumhifadhi shujaa wake asilaumiwe, akamwibia safari yake. Na mashabiki, ambao watu huwadharau, waliliona jambo hilo kabla ya wataalamu wengi.

Kwa hiyo twashangaa kuona yaliyotokea miaka 20 baadaye. Lucas alikuwa amekwisha kuiuza kampuni yake kwa Disney, mwaka 2012, kwa dola zaidi ya milioni 4,000, na sinema mpya zilianza kutolewa mwaka 2015. Mojawapo ya hizo, "The Last Jedi", ilitungwa na kuongozwa na Rian Johnson, ikatoka Desemba 2017. Ndani ya hadithi imepita miaka 30 hivi. Luke ni mzee, akaa katika kisiwa cha mawe baharini, avua samaki, akamua wanyama wa ajabu na kunywa maziwa yao ya kijani. (Maziwa hayo yaliwachukiza watu wengi kuliko vita vyote, nasi hatujui kwa nini, mfugaji yeyote wa kwetu angelicheka tu.) Msichana aitwaye Rey amletea upanga wake wa zamani. Luke aupokea, autazama kitambo, kisha autupa nyuma ya bega lake kama mtu atupaye ganda la muhogo.

Sababu yatokea polepole. Luke alikuwa na shule, na miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Ben, mpwa wake, mwana wa dada yake na Han Solo. Usiku mmoja aliingia katika kibanda alimolala kijana huyo, akaona giza lililokuwa likikua moyoni mwake, akauwasha upanga. Fikira hiyo ilikaa kufumba na kufumbua, ikapita, ikabaki aibu. Lakini kijana alikuwa amefumbua macho, akamwona mwalimu wake amesimama juu yake, na upanga unawaka. Kabla hakujapambazuka shule ilikuwa imeteketea, na Ben akawa Kylo Ren, mtumishi wa giza. Luke akakimbilia kisiwani ili afe huko.

Watazamaji wengi wakasema: huyu siye Luke. Yule aliyemkataza upanga wake usimwue Vader, mwenye damu ya maelfu mikononi, awezaje kuuinua juu ya kijana aliyelala, ambaye hajatenda neno? Watu zaidi ya 100,000 walitia sahihi zao katika intaneti, wakiitaka Disney iifute sinema hiyo katika hesabu ya hadithi, iwe kana kwamba haikuwapo. Hata Mark Hamill, aliyemwigiza Luke tangu 1977, alisema hadharani kwamba hakukubaliana na mtungaji juu ya njia ya Luke. Kisha mwezi ule ule wa Desemba akasema kwamba amejuta kuyatangaza mashaka yake mbele ya watu. Yatupasa kuongeza kwamba si wote waliochukizwa. Sinema hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 1,300, na wale walioulizwa walipokuwa wakitoka katika nyumba za sinema siku za kwanza waliipa alama ya juu. Lakini kelele zilikuwa za wale wengine.

Je, tusemeje juu ya sinema yenyewe? Kwanza, neno lao lina ukweli fulani. Miaka 30 ya maisha ya mtu imefichwa, tukaonyeshwa mwisho wake bila njia yake. Vader tulimwona akigeuka mbele ya macho yetu. Luke tulimkuta amekwisha kugeuka. Msomaji wa kitabu angepewa sura tatu au nne za miaka hiyo, ajue shule ilivyojengwa, na kijana alivyoanza kunyamaza mezani. Sinema haikumpa mtazamaji nafasi hiyo, na lawama hapo ni ya haki.

Lakini tazama jinsi habari ya kibandani inavyosimuliwa, maana hapo ndipo tulipoinyoshea kofia sinema hii. Yasimuliwa mara tatu. Mara ya kwanza Luke amwambia Rey kwamba alikwenda kusema na kijana, naye kijana akamshambulia; upanga hautajwi. Mara ya pili Kylo Ren asema kwamba aliamka akamwona mwalimu wake, uso umegeuka kwa chuki, ataka kumwua. Mara ya tatu Rey ambana Luke, ndipo asema yote: kwamba aliuwasha, kwamba hakukusudia kuushusha, na kwamba macho ya mtoto mwenye hofu ndiyo yaliyombakia. Kila mwalimu aliyepata kumwuliza mwanafunzi juu ya kosa, au kuulizwa mwenyewe na wakubwa wake, ajua kwamba ndivyo watu waungamavyo. Kwanza huja nusu iliyo safi. Kisha huja nusu ya yule aliyekosewa, nayo ni kubwa kuliko ilivyokuwa. Ile ya kweli huja mwisho, ni ndogo, na yaumiza kuliko zote mbili.

Tena wanaosema kwamba Luke hawezi kuinua upanga wamesahau sinema yao ya 1983. Si yeye aliyempiga baba yake kwa ghadhabu hata akamkata mkono? Hakuwa mtu asiyejaribiwa. Alikuwa mtu aliyejaribiwa akasimama kwenye ukingo, akarudi nyuma kwa hatua moja. Mwenye kuponea ukingoni mara moja hajaahidiwa kwamba hatafika hapo tena.

Na kuna jambo jingine, ambalo kwetu ni kubwa kuliko hayo. Katika sinema ya 2015 huyo Kylo Ren aamuru wanakijiji wauawe, kisha amwua baba yake mzazi, Han Solo, aliyekuwa akimshika shavu kwa upendo. Katika sinema ya 2019 ajuta, autupa upanga wake baharini, atoa uhai wake ili Rey aishi. Yote hayo yakamilika katika muda usiozidi saa moja ya sinema. Tulitazamia kwamba wale waliopiga kelele juu ya Luke wangepiga kelele zaidi, wakisema kwamba mwuaji hawezi kubadilika upesi hivyo. Ziko lawama nyingi juu ya sinema ile, lakini hiyo haikuwa kubwa miongoni mwake, na wengi walisikitika tu kwamba alikufa. Basi watu hawakukataa kwamba mtu aweza kugeuka. Mwovu kuwa mwema katika saa ya mwisho, walikubali kwa machozi. Walichokikataa ni mwema kuanguka, akazeeka katika kuanguka kwake, kisha akaamka tena taratibu. Nacho ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi duniani.

Twadhani sababu yake si ngumu. Mtoto aliyekuwa na miaka saba mwaka 1977 alikuwa na miaka 47 mwaka 2017. Katika miaka hiyo 40 amekuwa na shule zake zilizoungua, na vibanda vyake ambavyo hapendi kuvisimulia. Lakini mahali fulani moyoni amemweka kijana yule atazamaye majua mawili yakitua, ambaye hajakosa neno bado. Alikwenda kwenye sinema ili amwone kijana huyo, akaonyeshwa mzee. Hasira yake yafanana na ya yule mtoto wa kando ya moto, ila yeye ana sababu nyingi zaidi.

Hapa yatubidi kusema jambo letu wenyewe, ili tusionekane kuwahukumu watu wa mbali. Tulipokuwa wadogo tulifundishwa na mwalimu mmoja ambaye hatujapata kuona mfano wake. Hakuchelewa hata siku moja. Alitufundisha hesabu za sehemu kwa maembe, akiyakata mbele yetu juu ya meza, nusu, robo, sehemu ya nane, na mwisho wa somo tulikula hesabu zote. Tukawa walimu kwa sababu yake. Baadaye, tulipokwisha kuwa na madarasa yetu, tulisikia kwamba ameanza kunywa pombe, na kwamba fedha za wazazi alizokabidhiwa hazikuonekana zote. Siku moja tulimkuta karibu na kilabu, shati halina vifungo, naye akatuita kwa jina letu la utotoni. Nasi tukapita. Hatukuwa na haraka. Wala haikuwa kwa ajili ya fedha, maana hazikuwa zetu. Tulimkasirikia kwa kuwa alituharibia yule mwenye maembe.

Kwa hiyo twaijua hasira hiyo inavyoonekana kwa ndani. Yaonekana kama uaminifu. Mtu adhani anakilinda kitu chema, kumbe anamzuia mtu aliye hai asimfunike yule wa zamani.

Laiti ingalibaki juu ya Luke, ambaye hayuko duniani. Lakini hasira ya namna hii hutafuta mwenye mwili. Katika "The Last Jedi" alikuwamo mwigizaji Kelly Marie Tran, ambaye wazazi wake walikuja Marekani wakikimbia kutoka Vietnam. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa asili ya Asia kupewa nafasi kubwa katika sinema hizo. Aliigiza fundi aitwaye Rose. Watu wakamwandikia matusi juu ya sura yake na asili yake, miezi mingi, hata mwezi wa Juni 2018 akayafuta maandiko yake yote katika Instagram. Mwezi wa Agosti aliandika katika gazeti la New York Times kwamba alikuwa amefikia hatua ya kuyasadiki maneno yao, kwamba yaliamsha mambo aliyoambiwa tangu utoto wake. Akamaliza kwa kulitaja jina lake la Kivietnam, Loan, akisema kwamba ndiyo kwanza anaanza. Alikuwa na kosa gani? Hakuandika hadithi. Alikabidhiwa maneno akayasema.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1999 Lucas alitoa sinema iitwayo "The Phantom Menace", ya kueleza utoto wa Vader. Mlikuwamo kiumbe mwenye masikio marefu, Jar Jar Binks, wa kuwachekesha watoto. Aliyekicheza kwa mwili na kwa sauti ni Ahmed Best, kijana Mwamerika mweusi aliyetoka katika onyesho la ngoma liitwalo "Stomp". Kisha picha ya kiumbe ikatengenezwa kwa kompyuta kwa kufuata miendo yake. Watu wazima waliokuwa watoto mwaka 1977 walimchukia Jar Jar kwa chuki isiyosemeka. Wengine wakasema kwamba ni dhihaka juu ya watu weusi, na aliyecheza alikuwa mweusi mwenyewe, kwa hiyo akakosa pa kusimama pande zote mbili. Ilipita karibu miaka 20. Mwezi wa Julai 2018 Best alitoa picha yake akiwa na mwanawe mdogo, akaeleza kwamba mahali pale ndipo alipokaribia kujiua kwa sababu ya maneno ya wakati ule.

Kwa muda mrefu tulidhani kwamba habari hii yaishia hapo. Walakini mwezi wa Aprili 2019 mashabiki wa sinema hizo walifanya mkutano wao mkubwa mjini Chicago. Kelly Marie Tran alipoingia jukwaani, ukumbi ulisimama ukampigia makofi, hata akashindwa kuyazuia machozi. Ahmed Best naye alikuja, katika baraza la kukumbuka miaka 20 ya sinema ile iliyomwumiza, na watu wakamsimamia vilevile. Kisha mwaka 2023, katika mfululizo uitwao "The Mandalorian", wale waliokuwa wakitazama wakaona mlango unafunguka, na mtoto mdogo aliyekuwa karibu kuuawa anaokolewa na Jedi mmoja mwenye panga mbili. Jedi huyo ni Best, safari hii kwa uso wake mwenyewe. Sifa alizopewa kwa dakika zile chache zilikuwa nyingi.

Je, waliosimama Chicago ndio waliotukana? Hatuwezi kusema. Huenda wengi wao hawakumtukana mtu kamwe, na watukanaji walikaa majumbani mwao. Baadhi ya waliompigia makofi Best walikuwa watoto mwaka 1999, na Jar Jar kwao alikuwa rafiki; hao hawakugeuka, walikua tu. Lakini ukumbi ulikuwa mkubwa, nasi tumeishi na watu kwa miaka ya kutosha kukataa kuamini kwamba hamkuwamo hata mmoja aliyeandika neno mwaka 1999, akiwa kijana, ambaye sasa ana mtoto wake mwenyewe, akasimama pamoja na wengine, akapiga makofi, wala hakumwambia jirani yake sababu.

Tukio la mwisho la Luke katika sinema ya 2017 halikusifiwa sana na waliokasirika, lakini sisi twalipenda. Jeshi zima limewazunguka wachache waliobaki. Luke atokea peke yake, atembea hata katikati ya uwanja, asimama mbele ya mpwa wake, na kumwambia kwamba asikitika kwa kumkosea. Hapigani. Upanga wake haumgusi kijana hata mara moja, maana hayuko pale kwa mwili; mwili wake uko kule kisiwani, umeketi juu ya jiwe. Awachelewesha maadui hata wenzake watoroke, kisha afa akitazama majua mawili.

Mwalimu wetu yule aliacha pombe. Alizirudisha fedha kidogo kidogo, kwa kahawa aliyoilima kando ya mto, akaishi miaka mingine sita. Watu wa kijiji walianza kumwamkia tena, kwanza wazee, kisha wazazi wa watoto, kisha watoto. Sisi tulikuwa wa mwisho, ingawa tulikaa karibu kuliko wengi. Tulipokwenda hatimaye, ilikuwa jioni, alituletea kigoda, akatuuliza habari za madarasa yetu, wala hakuitaja siku ile ya njiani. Kisha akamwita mjukuu wake alete kisu na embe.